Je, wajua kwa nini kampuni inaweza kukaukiwa fedha ilhali mnunuzi wake keshapatikana?

Kampuni ndogo ya bioteknolojia ikitangaza kwamba imepata mnunuzi mwenye uwezo, wengi hudhani shida zake zimekwisha. Bei imetajwa, mkataba umetiwa saini, hisa zimepanda. Lakini kwa kampuni isiyopata faida, siku ya kutia saini huwa mwanzo wa kipindi kigumu kuliko vyote vilivyotangulia. Kati ya saini na malipo kuna mamlaka za ushindani, yaani vyombo vya serikali vinavyoweza kuzuia ununuzi unaoua ushindani sokoni, na mamlaka hizo hazifanyi kazi kwa kalenda ya mwenye njaa.

Kisa kinacholieleza jambo hili vizuri kuliko vyote ninavyovijua ni cha kampuni ya Kimarekani iitwayo Pacific Biosciences, maarufu kama PacBio, yenye makao yake Menlo Park, California. Kazi yake ni kutengeneza mashine za kusoma vinasaba.

Tuanze na mashine zenyewe, maana bila kuzielewa huwezi kuelewa ugomvi uliofuata. DNA ni kama maandishi marefu mno yenye herufi nne tu. Mashine nyingi za maabara huyakata maandishi hayo vipande vifupi vya herufi mia chache, huvisoma kwa wingi na kwa bei nafuu, kisha kompyuta huviunganisha. Katika soko hilo mfalme ni Illumina, kampuni ya San Diego. PacBio ilichukua njia nyingine: kusoma kipande kirefu cha maelfu ya herufi kwa mkupuo mmoja. Faida yake huonekana pale ambapo maandishi yanajirudiarudia, kwa sababu vipande vifupi vinavyofanana huichanganya kompyuta isijue kipi kikae wapi. Mwaka 2022 wanasayansi walipochapisha kwa mara ya kwanza vinasaba vya binadamu vikiwa kamili, wakaziba takribani asilimia 8 iliyokuwa imebaki bila kusomwa kwa miongo miwili, mashine za PacBio zilikuwa miongoni mwa nyenzo kuu za kazi hiyo.

Kwa hiyo teknolojia ilikuwa nzuri. Hesabu ndizo zilizokuwa mbaya. Mwaka 2018 kampuni iliingiza mapato ya dola milioni 78.6, chini ya mwaka uliotangulia, na ikapata hasara ya zaidi ya dola milioni 100. Mashine zake zilikuwa ghali, utafiti haukusimama hata siku moja, na wateja wake wakubwa walikuwa vyuo na taasisi zinazonunua kwa fedha za ufadhili, ambazo huja kwa msimu. Kampuni za namna hii haziendeshwi kwa mauzo. Huendeshwa kwa mtaji: kila baada ya muda hurudi sokoni, huuza hisa mpya, hupata fedha za kuishi mwaka mmoja au miwili zaidi, na kutumaini kwamba safari hii mauzo yatafikia gharama.

Tarehe 1 Novemba 2018 Illumina ikatangaza kuinunua PacBio kwa dola 8 taslimu kwa kila hisa, jumla karibu dola bilioni 1.2. Hisa hiyo ilikuwa ikiuzwa chini ya dola 5. Wanahisa waliridhia Januari 2019, na pande zote mbili zilitarajia mambo kukamilika katikati ya mwaka huo.

Hayakukamilika. Na hapa ndipo penye jibu la swali letu.

Mkataba wa kununua kampuni huwa na masharti ya kipindi cha kusubiri. Mnunuzi amekubali bei kwa kuangalia idadi fulani ya hisa, kiasi fulani cha madeni na biashara yenye sura fulani, kwa hiyo hataki vitu hivyo vibadilike kabla hajakabidhiwa. Kampuni inayonunuliwa hukatazwa kutoa hisa mpya au kukopa fedha nyingi bila idhini yake. Kwa kampuni yenye faida, sharti hilo halina uzito. Inaendelea na biashara yake huku mawakili wakihangaika. Kwa kampuni inayoishi kwa kuuza hisa, sharti hilo linafunga mlango pekee ambao fedha huingilia. Na hata kama ungefunguliwa kidogo, nani angenunua hisa ambayo bei yake imeshawekewa kikomo cha dola 8? Mlango mwingine, wa kutafuta mnunuzi mpya, nao umefungwa, kwa kuwa mkataba humkataza muuzaji kuzunguka akijinadi.

Huku fedha zikiwa haziingii, gharama zinaongezeka. Mamlaka za ushindani huomba nyaraka kwa maelfu, na mawakili na wachumi wa kuzijibu hawafanyi kazi ya bure. Wafanyakazi bora hupokea simu kutoka kwingine na huanza kujiuliza kama nafasi zao zitakuwepo baada ya muungano. Mkuu wa maabara mwenye bajeti ya mashine moja ana haki ya kusita: je, mmiliki mpya ataendelea kuitengenezea mashine hii vitendanishi, yaani kemikali zinazoiwezesha kufanya kazi, au ataitupa kando? Ni haki kusema kwamba PacBio ilipambana. Aprili 2019, katikati ya kusubiri, ilizindua mashine mpya, Sequel II, na mapato ya mwaka huo yakapanda hadi karibu dola milioni 91. Bado hayakutosha.

Sasa tazama mfuko wenyewe. Mwishoni mwa 2018 kampuni ilikuwa na dola milioni 102 hivi za fedha taslimu na vitega uchumi. Mwishoni mwa 2019 zilibaki milioni 49. Lakini pungufu hilo la milioni 53 halionyeshi ukweli wote, kwa sababu ndani ya 2019 kuna milioni 18 ambazo PacBio haikuzipata kwa kuuza kitu. Zilitoka kwa mnunuzi.

Septemba 2019, ilipoonekana wazi kwamba idhini haiko karibu, pande mbili zilikaa tena mezani na kuusogeza mbele ukomo wa mkataba. PacBio haikusogea bure. Illumina ilikubali kulipa dola milioni 6 mwanzoni mwa Oktoba, milioni 6 Novemba na milioni 6 Desemba. Kama ukomo ungesogezwa tena hadi Machi 2020, ingelipa milioni 34 zaidi. Chukua sasa ile milioni 53 iliyopungua, ongeza hizo 18, gawanya kwa miezi 12: unapata karibu milioni 6 kwa mwezi. Malipo ya mnunuzi yalikaribiana mno na kiasi ambacho kampuni ilikuwa ikikitumia kila mwezi ili kubaki hai. Kwangu mimi kurasa hizo za marekebisho zina thamani kuliko ule ukurasa wa kwanza ulioandikwa bei ya dola 8, kwa kuwa dola 8 zilikuwa ahadi, na milioni 6 zilikuwa mishahara.

Kwa nini idhini ilichelewa? Mamlaka ya ushindani ya Uingereza iliupeleka muungano huo katika hatua ya pili ya uchunguzi Juni 2019, na Oktoba ikatoa matokeo ya awali: ununuzi huo ungedhoofisha ushindani. Tarehe 17 Desemba 2019 Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, ikapiga kura ya makamishna watano kwa sauti moja kuupinga. Hoja yao ilikuwa kwamba Illumina tayari inalitawala soko, na kwamba PacBio, japo ndogo na yenye hasara, ni mmoja wa wachache wanaoweza siku moja kumsumbua. Kumruhusu mkubwa amnunue mdogo kabla hajakua ni kuua ushindani ukiwa bado kitaluni.

Naiona hoja hiyo kuwa sahihi. Lakini iliiweka PacBio mahali pagumu sana kwa upande wa fedha: mamlaka zilisema una nguvu za kutosha kuwa mshindani wa kesho, huku mfuko wako ukisema huenda kesho isifike. Sheria ya Marekani inautambua utetezi wa kampuni inayokufa, yaani kuruhusu muungano kwa sababu mmoja angekufa hata hivyo. Masharti yake ni magumu: uonyeshe kwamba huwezi kulipa madeni yako, kwamba huwezi kujipanga upya chini ya sheria ya ufilisi, na kwamba ulitafuta kwa nia njema mnunuzi mwingine asiyeleta madhara kwa ushindani ukamkosa. Kampuni iliyobanwa, lakini yenye fedha kidogo benki na mashine mpya sokoni, haipiti hapo.

Wasomaji wa Tanzania wanakujua kungoja idhini kwa namna hii kupitia sakata la kampuni za saruji za Twiga na Tanga Cement: Tume ya Ushindani iliidhinisha ununuzi mwaka 2022, Baraza la Ushindani likautengua uamuzi huo mwaka huohuo, na mvutano ukaendelea hadi 2023. Tofauti ni kwamba kiwanda cha saruji kinauza mifuko kila siku hata kesi ikiendelea.

Tarehe 2 Januari 2020 Illumina na PacBio zikatangaza kuvunja mkataba, miezi 14 baada ya kuutia saini. Februari ilikuwa ikisubiri na deni la takribani dola milioni 16 lililoiva. Mkataba usingekuwa na zaidi ya bei ndani yake, huenda habari ingeishia hapo. Lakini tangu mwanzo kilikuwepo kifungu cha fidia: mamlaka zikikataa, mnunuzi atalipa. Illumina ikalipa dola milioni 98, ambapo milioni 6 zilikwenda kwa washauri wa fedha wa PacBio, na pia ikamaliza zile milioni 34 za kuendelea kusubiri hadi Machi.

Matokeo yake ni kitu ambacho mtu akikiona kwenye hesabu bila kujua historia atashangaa. Mwaka 2020 mapato ya PacBio yalishuka, dunia ikafunga maabara kwa sababu ya korona, na bado kampuni iliyozoea hasara miaka nenda rudi ikaonyesha faida ya takribani dola milioni 29. Faida hiyo haikutokana na mashine. Ilitokana na muungano uliovunjika.

Ni vyema kusema pia kwamba fedha za kusubiri hazikuwa zawadi. Jumla yake, dola milioni 52, ilipaswa kurudishwa bila riba iwapo ndani ya miaka miwili baada ya Machi 2020 PacBio ingeuzwa kwa mtu mwingine, au ingechangisha dola milioni 100 au zaidi kwa mkupuo mmoja. Agosti 2020 iliuza hisa mpya na kupata kiasi kisichofika milioni 100. Septemba ikampata mtendaji mkuu mpya, Christian Henry, ambaye miaka ya nyuma alikuwa kiongozi wa juu ndani ya Illumina yenyewe. Februari 2021 kampuni ya uwekezaji ya SoftBank ya Japani ikaweka dola milioni 900 kwa njia ya hati fungani zinazoweza kugeuzwa kuwa hisa. Kizingiti kikavukwa, na PacBio ikairudishia Illumina milioni 52 zake zote. Mwezi huohuo hisa moja ilikuwa ikiuzwa zaidi ya dola 50. Haikudumu: kufikia 2024 ilikuwa imeporomoka hadi chini ya dola 2, na kazi ya kutafuta faida inaendelea.

Illumina nayo iliondoka na somo, na lilionekana haraka. Septemba 2020 ilitia saini mkataba mwingine, wa kuinunua Grail, kampuni ya kupima saratani kwa damu, nayo isiyo na faida na yenye matumizi makubwa zaidi. Safari hii hakukuwa na kungoja hadi mfuko utoboke ndipo watu warudi mezani. Mkataba wenyewe, tangu mwanzo, ulisema kwamba wakati idhini ikisubiriwa Illumina itailipa Grail dola milioni 35 kila mwezi.