Seli T hazivioni virusi, na dhana nyingine kuhusu vipokezi vya kinga

Dhana: Seli za kinga huona virusi ndani ya seli, kisha huvivamia.

Seli T, aina mojawapo ya seli nyeupe za damu, haiwezi kuchungulia ndani ya seli nyingine. Kinachoisaidia ni kwamba karibu kila seli yenye kiini hukatakata baadhi ya protini zilizomo ndani yake, zikiwemo za virusi ikiwa imeambukizwa, na kuanika vipande juu ya utando, kila kimoja kikiwa kimeshikwa na molekuli iitwayo MHC. Kipande chenyewe ni kifupi, asidi amino 8 hadi 10 hivi. Kipokezi cha seli T inayoua, yaani protini ya juu ya seli inayonasa ishara, hutambua vyote viwili kwa pamoja, kipande na molekuli iliyokishika. Watafiti Peter Doherty na Rolf Zinkernagel walilionyesha hilo mjini Canberra, Australia, mwaka 1974: seli T za panya aliyeambukizwa ziliua seli zenye virusi, lakini zile tu zilizokuwa na MHC ya aina ya panya huyo. Zenye MHC ngeni ziliachwa, hata kama virusi ni vilevile.

Dhana: Basi seli isiyoanika chochote imeponyoka.

Baadhi ya virusi na saratani hutumia hila hiyo kweli: huondoa MHC, na seli T zikapita tu. Hapo ndipo zinapoingia seli NK, aina nyingine ya seli za kinga zinazoua. Hizi zina vipokezi vya kuzuia, ambavyo hushika MHC, na vya kuchochea, ambavyo hunasa protini zinazojitokeza seli ikiwa taabani. MHC ikitoweka, kizuizi hulegea. Maelezo mengi huishia hapo, na hayatoshi. Chembe nyekundu za damu takriban hazina MHC, mbona haziuawi? Kwa sababu hazina cha kuchochea pia. Seli NK hujumlisha ishara zote ndipo iamue.

Dhana: Kipokezi hutengenezwa baada ya ugonjwa kuingia.

La. Huwepo kabla, kwa kuchanganya vipande vya jeni kibahatibahati. Kwa bahati hiyo, baadhi vingeweza kuushambulia mwili wenyewe; ndiyo maana seli T hupimwa kwanza kwenye thaimasi, tezi iliyo kifuani, na nyingi hufia humo.

Dhana: Kinga ikizidi ukali, ndivyo bora.

Wauzaji wa dawa za "kuongeza kinga" huipenda sana hii. Seli T ina kipokezi PD-1, ambacho kazi yake ni kuituliza, na baadhi ya saratani hukitumia ili zisiguswe. Dawa za kukizuia zimerefusha maisha ya wagonjwa wengi wa melanoma, aina ya saratani ya ngozi. Lakini kizuizi kikishaondolewa, seli T zinaweza kugeukia utumbo, ngozi au ini la mgonjwa mwenyewe, na mara nyingi daktari hulazimika kuzipoza kwa steroidi, dawa zinazotuliza kinga.