Kuanza na Kile Ambacho Kivinjari Kinakijua

Mtu anayetengeneza tovuti peke yake hana idara ya kumrushia tatizo. Yeye ndiye anayezungumza na mteja, anayepanga muonekano wa ukurasa, anayeandika msimbo na kupandisha mafaili kwenye seva, na fomu ikigoma kutuma miaka minne baadaye, simu inaita kwake. Katika hali hiyo kila mstari wa msimbo ninaouandika ni deni nitakalolilipa mwenyewe kwa kuutunza. Ndiyo maana msimamo wangu mkuu katika kazi hii ni mmoja: kabla ya kuandika chochote, ninatafuta kwanza kile ambacho kivinjari, yaani programu ya kufungulia tovuti kama Chrome au Firefox, kinaweza kukifanya chenyewe. Karibu kila ninachokisoma, ninachobishania na wateja na ninachokataa kukiingiza kwenye mradi kinatokana na msimamo huo.

Nianze na kitufe, kwa kuwa ni kitu kidogo na bado ndicho kinachoharibiwa mara nyingi kuliko vyote. Tovuti nyingi ninazokabidhiwa ili nizirekebishe zina vitufe ambavyo si vitufe: ni elementi za div, yaani visanduku vitupu visivyo na maana maalumu kwa kivinjari, zilizopakwa rangi, zikawekewa kona za mviringo, kisha zikafungiwa msimbo wa JavaScript, lugha ya kuupa ukurasa vitendo, unaosubiri kubofywa. Anayetumia kipanya haoni tofauti yoyote. Anayetegemea kibodi pekee hawezi kukifikia kabisa, maana akibonyeza Tab kivinjari kinakiruka, na kwa mtu asiyeona, programu yake ya kusoma skrini inayatamka maneno yaliyomo bila kumwambia kwamba yanaweza kubonyezwa. Ukitaka kuitibu div hiyo, inabidi uiongezee tabindex ili ifikiwe kwa Tab, uitangaze kuwa kitufe kwa kutumia role, kisha uandike msimbo wa kusikiliza Enter na kibonye cha nafasi. Hapo ndipo wengi wanapoteleza, kwa sababu kitufe halisi huitikia Enter pale pale inapobonyezwa, lakini huitikia kibonye cha nafasi pale kidole kinapokiachia. Elementi ya button inakuja na hayo yote bila hata mstari mmoja wa JavaScript. Kuna jambo moja tu la kuliangalia: ndani ya fomu, button isiyotajiwa aina yake huhesabiwa kuwa ya kutuma fomu, kwa hiyo kitufe cha kufungua kalenda au cha kuonyesha nywila kiandikiwe waziwazi type="button".

Fomu zenyewe ni hazina ambayo wengi wanaipita bila kuifungua. Ukiunganisha label, yaani maneno yanayotaja kisanduku, na kisanduku chake, mtu mwenye simu anaweza kugusa maneno yenyewe na mshale wa kuandikia ukaingia mahali pake, jambo linalomfaa sana mwenye vidole vinavyotetemeka. Ukitaja type="email", kibodi ya simu inaweka alama ya @ karibu. Ukiandika autocomplete="one-time-code", simu inaweza kuichukua namba ya uthibitisho iliyokuja kwa ujumbe na kuipendekeza, na mtumiaji haruki tena kutoka programu moja kwenda nyingine huku akijitahidi kukariri tarakimu. Kuhusu namba, viwango vya HTML, lugha inayoandikia kurasa za wavuti, vinasema wazi kwamba type="number" haifai kwa kitu kilichotokea tu kuwa na tarakimu, kama namba ya kadi ya benki, ambayo hakuna mtu anayeijumlisha wala kuiongeza moja kwa vishale vya pembeni. Kwa vitu vya namna hiyo ninatumia kisanduku cha kawaida cha maandishi chenye inputmode="numeric", inayoleta kibodi ya tarakimu, na tatizo linaisha. Na ninakataa kabisa, hata mteja akisisitiza, kuzuia watu wasibandike nywila, kwa sababu kizuizi hicho kinawaadhibu hasa wale wanaotumia programu za kutunza nywila ndefu na salama.

Hayo yote nimeyapata kwa kusoma viwango vyenyewe, na ningependa wenzangu wengi zaidi wavisome. Kiwango cha HTML kinachotumika leo kinatunzwa na WHATWG, kundi lililoundwa mwaka 2004 na watu wa Apple, Mozilla na Opera, na tangu makubaliano ya mwaka 2019 W3C, shirika la viwango vya wavuti, nayo inakitambua kuwa ndicho kiwango kimoja cha kufuatwa. Hati hiyo ni ndefu mno, lakini kuna toleo lake lililoandaliwa kwa ajili yetu tunaojenga kurasa, ambalo limeondolewa sehemu zinazowahusu waundaji wa vivinjari tu. Sisomi kutoka mwanzo hadi mwisho. Ninasoma elementi moja ninayotaka kuitumia, ninafuata viungo viwili vitatu vinavyotoka humo, na mara nyingi ninagundua kwamba jambo nililodhani lingehitaji maktaba ya JavaScript, yaani msimbo uliotayarishwa na wengine, limeshaandikwa humo kwa sentensi moja.

Usomaji wa namna hiyo unaokoa kazi hata upande wa seva. RFC 9110 ya Juni 2022, mojawapo ya hati za viwango vya intaneti, inayoeleza maana ya HTTP, lugha ambayo kivinjari na seva huzungumza, inasisitiza kwamba ombi la GET, lile la kuleta ukurasa, ni salama, yaani anayelituma hakuomba chochote kibadilike. Sentensi hiyo inaonekana ya kinadharia hadi ukutane na tovuti ambayo kila rekodi ina kiungo cha kawaida kilichoandikwa "Futa". Roboti za injini za kutafuta hufuata viungo. Kuna vivinjari na viongezo vyake vinavyovuta kurasa kabla mtu hajabofya, ili zifunguke upesi. Kiungo kama hicho kikiachwa wazi, rekodi zinaweza kufutika bila binadamu yeyote kuamua hivyo, na mwenye tovuti atamtafuta mdukuzi ambaye hayupo. Dawa yake ni fomu ndogo inayotuma kwa POST, ombi linaloruhusiwa kubadilisha kitu, kitu ambacho HTML inacho tangu enzi zake za mwanzo.

Kuna hati nyingine fupi ya W3C kuhusu misingi ya usanifu wa HTML ambayo ninairudia kila baada ya muda. Humo mmeandikwa kwamba masilahi yakigongana, mtumiaji atangulie mwandishi wa ukurasa, mwandishi amtangulie muundaji wa kivinjari, muundaji amtangulie mwandishi wa viwango, na usafi wa nadharia uje nyuma ya wote. Nimeutumia mpangilio huo katika mazungumzo mengi na wateja. Mteja anapotaka dirisha la matangazo lifunike ukurasa kabla msomaji hajaona sentensi ya kwanza, ninamuuliza ni masilahi ya nani tunayoyatanguliza. Swali hilo huwa linafanya kazi zaidi kuliko hoja zangu za kiufundi, kwa kuwa wateja wengi kwa kweli wanawajali wasomaji wao. Wamekosa tu mtu wa kuwakumbusha kwamba msomaji naye yumo chumbani.

Kuhusu uzito wa kurasa nina msimamo mkali, na ninajua si wote wanaukubali. Muunganisho mpya wa TCP, njia inayopitisha data kati ya seva na kivinjari, hauanzi kwa kasi kamili. Tangu RFC 6928 ya mwaka 2013, seva kwa kawaida huanza kwa kutuma pakiti 10, yaani takribani kilobaiti 14, kisha husubiri ithibati kabla ya kuongeza. Kwenye mtandao wa polepole kila kusubiri huko kunahisika. Ninajitahidi, basi, HTML pamoja na CSS (msimbo wa muonekano) ya sehemu inayoonekana kwanza vikae ndani ya kiasi hicho baada ya kubanwa, na kwa ukurasa wa maandishi hilo linawezekana bila miujiza. JavaScript ni mzigo wa aina nyingine. Picha ya kilobaiti 300 ikishafika inafumbuliwa na kuonyeshwa, lakini msimbo wa ukubwa huo huo lazima uchambuliwe, utafsiriwe na uendeshwe, na kichakataji cha simu ya bei nafuu ndicho kinachobeba adha hiyo huku vidole vya mtumiaji vikigonga skrini isiyoitikia. Vipimo ambavyo Google inavihimiza vimelitambua hilo: sehemu kuu ya ukurasa ionekane ndani ya sekunde 2.5, na tangu Machi 2024 kipimo cha uitikiaji ni INP, kinachotaka ukurasa uitikie mguso ndani ya milisekunde 200. Ninavipima kwenye simu dhaifu, siyo kwenye kompyuta yangu ya kazi.

Vifurushi vya msimbo vya watu wengine navyo ninaviingiza kwa tahadhari. Machi 2016, mtunzi wa kifurushi kiitwacho left-pad alikiondoa kwenye npm, ghala la vifurushi vya JavaScript, na miradi mingi duniani ikashindwa kujengeka. Kifurushi hicho kilikuwa na mistari 11, na kazi yake ilikuwa kuongeza herufi upande wa kushoto wa neno hadi lifikie urefu fulani. Mwaka uliofuata lugha yenyewe ikapata padStart, inayofanya kazi hiyo hiyo. Mwenendo huo nimeushuhudia tena na tena. Mpangilio wa safu na nguzo uliokuwa ukihitaji maktaba nzima za CSS uliingia kwenye vivinjari kwa jina la grid mnamo Machi 2017, Firefox, Chrome na Safari zikiutoa ndani ya mwezi mmoja. Madirisha ibukizi tuliyokuwa tukiyajenga kwa mamia ya mistari sasa ni elementi ya dialog, ambayo tangu Machi 2022 imo kwenye vivinjari vyote vikubwa. Ninapofungua tena tovuti ya zamani, kazi yangu ya kwanza ni kuondoa kile ambacho kivinjari kimeshajifunza.

Hii haimaanishi kwamba JavaScript haina pa kukaa. Ramani ya kuvutwa kwa kidole, jedwali linalohaririwa na watu kadhaa kwa wakati mmoja, chombo cha kuchora: haya hayafanyiki bila msimbo, na hapo ninauandika kwa moyo mweupe. Kalenda ya kivinjari nayo bado ina upungufu, hasa unapotaka kuonyesha siku ambazo hazipatikani tena. Ninachopinga ni ukurasa wa habari au wa maelezo ya kampuni unaobaki mweupe kabisa mpaka JavaScript imalize kupakuliwa.

Rangi nazo zinastahili neno. Wabunifu wengi wanapenda maandishi ya kijivu chepesi, na #999999 juu ya nyeupe ninakutana nayo kila mara. Utofauti wake wa mwanga ni 2.85 kwa 1, wakati WCAG, mwongozo wa kufanya wavuti ufikiwe na watu wenye ulemavu, inataka angalau 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida. Ukiishusha hadi #767676 unafikia 4.54, na bado ni kijivu. Mbunifu nikimwonyesha rangi hizo mbili sambamba kwenye simu iliyo juani, kwa kawaida hatubishani tena.

Anwani za kurasa ndizo ninazozilinda kuliko kitu kingine chochote. Mwaka 1998 Tim Berners-Lee aliandika makala fupi akisisitiza kwamba anwani nzuri hazibadiliki, na kwamba zinapobadilika huwa ni mtu amezibadilisha. Ninapoombwa kujenga upya tovuti, kabla ya kugusa muonekano ninachukua kumbukumbu za seva, ninakusanya kila anwani iliyowahi kuombwa, kisha ninaandika jedwali la anwani ya zamani na mahali inapopaswa kuelekea sasa. Kilichohamia mahali pengine kwa kudumu kinapata jibu la seva la 301, linalompeleka msomaji kwenye anwani mpya. Kilichoondolewa makusudi kinapata 410, ili injini za kutafuta zijue kwamba hakirudi. Anwani mpya siziachii mkia wa .php wala jina la mfumo uliotumika, kwa kuwa mfumo utabadilishwa siku moja na anwani haina sababu ya kufa nao. Wateja hawaioni kazi hii, na wengine huuliza kwa nini imo kwenye ankara. Ninawaeleza kwamba kila kiungo kilichowekwa na mtu kwenye barua, kitabu au tovuti nyingine ni imani aliyowapa, na kwamba kuivunja ni rahisi kuliko kuirudisha.

Sehemu kubwa ya siku hupita kwenye utunzaji usio na fahari: kujaribu kama nakala za akiba zinarejesheka kweli, kusoma kumbukumbu za makosa, kuhakikisha vyeti vya usalama vinajihuisha. Vyeti vya Let's Encrypt, shirika linalotoa vyeti bure, vimezoeleka kudumu siku 90, na kwa uamuzi uliopitishwa mwaka 2025 na CA/Browser Forum, jukwaa la watoa vyeti na waundaji wa vivinjari, ukomo wa vyeti vya umma utapunguzwa hatua kwa hatua hadi siku 47 ifikapo Machi 2029. Anayehuisha kwa mkono aache mapema.

Na katika mkataba ninaweka kifungu ambacho sikiondoi kwa mteja yeyote: jina la kikoa linasajiliwa kwa jina lake, akaunti ya seva ni yake, na malipo ya vyote viwili yanatoka kwake moja kwa moja. Nimepokea wateja ambao mtengenezaji wao wa awali alishika kila kitu kwa jina lake, na walipoachana naye wakaanza upya kwa anwani mpya, wateja wao wakiendelea kuandika barua pepe kwenye anwani isiyosomwa na mtu. Pamoja na kikoa ninakabidhi faili moja la maandishi ya kawaida linaloeleza tovuti inajengwaje, nakala za akiba ziko wapi, na ni vifurushi gani vya nje vimetumika na kwa nini. Orodha hiyo ya mwisho ninajitahidi ienee kwenye skrini moja ya simu, ili mtengenezaji atakayekuja baada yangu aisome bila kulazimika kunitafuta.