Taa za LED za trela zikizingua, usikimbilie kununua nyingine

Taa ya LED ya trela ikianza kufifia au kupepesa, wengi husema papo hapo: imeungua, badilisha. Mara nyingi si hivyo. LED hudumu miaka mingi. Kinachochakaa ni njia ya umeme, hasa waya wa athi, yaani ule unaorudisha umeme kwenye betri, unaofungwa kwenye chesisi (fremu ya chuma) ya trela.

Angalia dalili hii: unawasha indiketa ya kushoto, na taa nyingine za nyuma nazo zinapepesa kwa mbali. Umeme umekosa njia ya kurudi kwenye betri, basi unajipenyeza kupitia taa jirani. Fungua bolti ya athi. Ukikuta kutu chini yake, au unga wa kijani kwenye nyuzi za shaba, kwangua mpaka chuma king'ae, kata sehemu ya waya iliyooza, funga upya kwa nguvu kisha paka grisi.

Tahadhari na mita ya kupimia volti. Inaweza kusoma volti 12 kamili hata waya ukiwa umebakiwa na uzi mmoja, kwa kuwa mita yenyewe haivuti umeme wa maana. Mimi huamini zaidi balbu ya kawaida ya wati 21: iunganishe palepale kwenye nyaya za taa, na ikiwaka kwa unyonge, kosa liko kwenye waya au plagi.

Indiketa kupiga harakaharaka ni jambo jingine. LED hula umeme kidogo, hivyo rilei ya gari, kifaa kinachopepesa indiketa, hudhani kuna balbu iliyoungua.