Sisteini, ini na bomba la dawa

Wapulizaji dawa wengi wana desturi moja: mtu akishatua bomba mgongoni, anatafuta maziwa "yakate sumu". Siku hizi liko wazo linalokaribiana na hilo, ila hili limetoka maabara: kwamba asidi amino, zikinywewa kama kirutubisho, hulinda ini na figo dhidi ya viuatilifu.

Asidi amino ndizo vipande vinavyojenga protini. Ukila maharage au dagaa, tumbo huivunja protini na mwili huvichukua vipande hivyo. Vya kujengea protini viko 20, na kinachotuhusu zaidi hapa ni sisteini, yenye salfa ndani yake. Mwili huiunganisha na glutamati na glisini, ukapata glutathioni, ambayo ini limejaa tele. Katika hizo tatu, sisteini ndiyo huadimika kwanza, hivyo ndiyo inayoamua glutathioni itatengenezwa kiasi gani.

Sasa chukua klopirifosi, dawa ya wadudu ya kundi la organofosfeti. Ikifika kwenye ini, vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha kazi za kikemia mwilini, huigeuza, na la ajabu ni kwamba kwanza huifanya kali kuliko ilivyokuwa kwenye chupa. Katika purukushani hiyo huzuka molekuli za oksijeni kali zinazoharibu mafuta ya kuta za seli. Glutathioni huzizima, na nyingine hunasa mabaki ya sumu na kutoka nayo mwilini. Akiba ikikauka, seli huanza kufa. Ndipo wataalamu wakajiuliza: tukiongeza sisteini, je?

Swali lenyewe si la kubahatisha. Asetilisisteini, ambayo ni sisteini iliyobadilishwa kidogo, imetumika hospitalini kwa miaka mingi kumtibu aliyezidisha parasetamoli. Akiipata ndani ya saa 8, kwa kawaida ini lake hupona. Hata panya wa maabara waliopewa viuatilifu pamoja na asetilisisteini au taurini, ndugu yake sisteini mwenye salfa pia, wameonekana mara nyingi kuwa na madhara madogo kwenye ini na figo.

Lakini tazama panya huyo alivyotendewa. Aghalabu alipewa kinga kabla ya sumu au sambamba nayo. Sumu ilikuwa moja, kipimo kinajulikana, tena kwa kawaida imepitia mdomoni. Mpulizaji huchanganya dawa mbili tatu katika bomba moja, na nyingi humwingia kupitia ngozi, hasa mikononi wakati wa kuchanganya na mgongoni bomba linapovuja. Maziwa nayo yana sisteini kidogo, lakini yanakwenda tumboni.

Kikwazo kikubwa zaidi kipo kwenye neva. Organofosfeti hukifunga kimeng'enya kiitwacho kolinesterasi, ambacho kazi yake ni kuzima ujumbe wa neva baada ya kufika. Ujumbe usipozimwa, mtu hutokwa jasho, mate na machozi, mboni husinyaa, misuli hutetemeka, kifua hubana. Anayekufa kwa sumu hii mara nyingi hufa kwa kushindwa kupumua, hata kama ini lingali zima. Glutathioni haikifungui kimeng'enya hicho. Kinachotafutwa haraka ni atropini (dawa inayozuia ujumbe huo wa neva uliozidi), kumsaidia apumue, kumvua nguo zilizolowa na kumwosha kwa sabuni na maji mengi. Asetilisisteini imejaribiwa kwa wagonjwa wachache, lakini pembeni ya atropini, si mahali pake.

Parakwati, ile ya kuua magugu, ndiyo ambayo nadharia hii ingeifaa kuliko zote. Yenyewe huua hasa kwa kuzalisha oksijeni kali mfululizo, na mapafu huivuta na kuirundika ndani yake. Hata kumpa mgonjwa oksijeni bila lazima huweza kuzidisha madhara. Asetilisisteini imejaribiwa huko pia, lakini parakwati hadi leo haina kiuasumu kilichothibitishwa.