Ndege wa mjini sio njiwa tu jamani
Kuna watu bado wanaamini ukitaka kuona ndege lazima utoke mjini uende porini, eti New York kuna njiwa na shomoro basi. Sio kweli kabisa. Mwezi wa tano Central Park, ile bustani kubwa ya katikati ya New York, inajaa ndege na sababu ni huo huo mji, maana hawa ndege wadogo wanaotoka Amerika ya Kusini na Karibiani kwenda kaskazini wengi wanaruka usiku, kukipambazuka wamechoka wana njaa, chini wanaona saruji kila upande na kijani kipande kimoja cha kama hekta 340, wanashuka hapo hapo. Aina zaidi ya 200 zimeshaonekana pale.

Halafu wanasema kwenda kundi kuangalia ndege kunawafukuza. Mkienda taratibu bila kelele, pale kwenye vichaka vya Ramble, sehemu yenye msitu ndani ya Central Park, ndege wako bize na wadudu kwenye miti ya mialoni, na macho mengi yanaona kile ambacho wewe na darubini yako peke yako ungekipita, kandege kenyewe gramu 10 tu! Kinachowamaliza ndege ni vioo vya maghorofa wanavyojigonga, na hilo linaniuma sana.