Mlonge hauna vitamini B12, naomba tuelewane

Jamani nimechoka kulisikia hili na wiki hii nimeambiwa tena: "Dokta, nyama, maziwa, mayai vyote nimeacha, ila kila asubuhi nakunywa unga wa mlonge kwa hiyo B12 napata." Hupati! Mlonge ni mboga nzuri sana, kalsiamu ipo, ila B12 haitengenezwi na mmea, inatengenezwa na bakteria. Ng'ombe anao hao bakteria tumboni, ndo maana sisi tunaipata kwenye maini yake, nyama yake na maziwa. Na spirulina, ule unga wa kijani wa majini mnaouziwa bei mbaya, ina kitu kinachofanana na B12 ila mwili wa binadamu haukitumii, sasa hela yote hiyo unalipia nini?

Halafu jibu huwa lile lile, "mbona mwaka wa pili huu na niko fiti". Uko fiti kwa sababu ini linatunza akiba ya B12 ya miaka, na hiyo ndo unayokula sasa hivi. Ikiisha inakuja polepole: ganzi nyayoni, vidole kama vinachomwachomwa sindano, ulimi unauma, uchovu, kusahausahau. Kibaya zaidi mchicha na maharage vina foleti nyingi (vitamini B9), na foleti inaweza kuuficha upungufu wa damu unaoletwa na kukosa B12, yaani unapima HB, kipimo cha wingi wa damu, iko poa unarudi home na furaha yako kumbe mishipa ya fahamu inaendelea kuharibika, na ikiharibika sana hairudi yote. Wenye kisukari mnaotumia metformin muwe makini zaidi maana nayo inapunguza ufyonzwaji wa B12. Na mama anayenyonyesha kama hana, mtoto naye anakosa, na kichanga hana akiba ya miaka.

Suluhisho ni kidonge, basi. Mtu mzima anahitaji maikrogramu 2.4 kwa siku, ila kidonge hakifyonzwi chote, kwa hiyo Vegan Society ya Uingereza, chama cha wasiogusa chochote cha mnyama tangu 1944, wanashauri 10 kila siku au 2,000 mara moja kwa wiki. Hao ndo wenye mambo yao, wasikilizeni. Sembe iliyoongezwa virutubishi huwa na B12 pia, soma pakiti, ila kama unasagisha mahindi yako mashineni mtaani usiitegemee.

Mengine haraka haraka.

"Bila nyama hakuna protini." Ipo. Maharage makavu gramu 100 yana protini kama gramu 21, yanakaribiana na nyama mbichi, ila yakiiva yameshanywa maji inashuka kwenye 9 hivi, kwa hiyo kula bakuli zima, sio vijiko viwili pembeni ya ugali.

"Kutokula nyama ni mambo ya Wazungu." Wajaini, wafuasi wa dini ya Kijaini yenye asili ya India, wa Dar na Mombasa hawagusi nyama vizazi na vizazi, Marasta wengi hawali, Wasabato wengi hawali. Ila Wajaini wanakula mtindi na maziwa, na hapo ndo B12 yao inapotoka.

"Nyama yote ni ukatili." Huruma kwa wanyama naiheshimu kabisa, ila Mmasai anayechunga kwenye nyika kame isiyoota mahindi siwezi kumweka kapu moja na anayefungia kuku kwenye kizimba maisha yao yote. Ukitaka kupunguza anza na hao kuku, na soseji pia, maana mwaka 2015 taasisi ya saratani ya WHO ilisema wazi nyama za kusindikwa zinasababisha saratani, gramu 50 kila siku hatari ya saratani ya utumbo mpana inapanda kama asilimia 18.

Na chai na chakula, nawaomba! Madini chuma ya mboga yanafyonzwa kidogo kuliko ya nyama, ukishushia na chai ndo unayazuia mengi yasipite. Kamulia ndimu kwenye mboga au kula chungwa, chai isubiri hata saa moja.