Kumtoa mtu aliyepoteza fahamu ukiwa peke yako: maswali na majibu

Nimeona mtu amezimia. Nimhamishe?

Pengine usimhamishe. Sababu ya kumtoa ni hatari iliyo hapo hapo: moto, moshi, maji yanayopanda, magari, ukuta unaotaka kuanguka. Kama hakuna, mwache alipo, angalia kwa muda usiozidi sekunde 10 kama anapumua, na uite msaada.

Nimbebe begani, kama wazima moto kwenye filamu?

Hapana. Mtu aliyezimia hajishiki popote. Uzito wote unakuangukia wewe, na ukiteleza mnakuwa majeruhi wawili. Isitoshe, moshi hutanda juu na hewa nafuu hubaki karibu na sakafu. Ukimwinua begani unampeleka kwenye moshi. Mburute.

Namburuta vipi?

Njia inayofaa sehemu nyingi ni ya kupitisha mikono kwapani. Mkalishe, chuchumaa nyuma yake, pitisha mikono yako chini ya makwapa yake. Kunja mkono wake mmoja ulale kifuani, kisha ushike kigasha chake kwa mikono yako miwili. Vidole gumba viwe upande mmoja na vidole vingine, visije vikachimba mbavu. Mgongo wako ukiwa umenyooka, simama kwa nguvu ya mapaja, mwegemeze kwako, urudi nyuma kwa hatua fupi.

Kama huwezi kumwinua, mlaze chali juu ya blanketi au shuka nzito, kusanya ncha za upande wa kichwa, inua kidogo, uvute. Huna blanketi? Kamata nguo zake mabegani, kichwa kikae kati ya vigasha vyako, ila hakikisha kola haimkabi. Kumvuta kwa vifundo vya miguu ni haraka, lakini kichwa kinagongwa na kila kitu njiani. Kuachie sakafu laini tu.

Je, akiwa ameumia shingo au uti wa mgongo?

Moto hausubiri, kwa hiyo mtoe. Ila usimkalishe, usimkunje, wala usimvute kwa mkono mmoja. Tumia nguo au blanketi, ukimvuta kwa mstari ulionyooka kufuata urefu wa mwili.

Kwenye ngazi za kushuka?

Wewe tangulia kinyumenyume, yeye afuate kichwa mbele akiwa chali. Mshike makwapani, kichwa kikilala juu ya vigasha vyako. Shuka ngazi moja moja.

Na mtoto mdogo?

Huyo mbebe mikononi, ukitegemeza kichwa na shingo.

Tumefika salama. Sasa?

Angalia pumzi tena. Anapumua: mlaze ubavu, kichwa kikiinama nyuma kidogo, mdomo ukielekea chini ili matapishi yatoke. Hapumui, au anatweta kwa vipindi: kandamiza katikati ya kifua, kina cha sentimita 5 hadi 6 kwa mtu mzima, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Kama umefundishwa kupuliza, toa pumzi 2 kila baada ya mikandamizo 30. Kama hukufundishwa, endelea na kifua tu mpaka msaada ufike.